Wasomaji Wanauliza: Dosari na Mvuto wa Filamu za Kutisha za Bajeti Ndogo

Safu hii imepokea barua kadhaa kuhusu filamu za kutisha zinazotengenezwa na watu wasio na studio, wasio na mfadhili na mara nyingi wasio na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Tumechagua zile zinazouliza mambo ambayo wasomaji wengi wangependa kuyajua, na baadhi yake tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na rafiki zangu hutazama sana filamu za kutisha ambazo vijana huzitengeneza kwa fedha zao wenyewe. Waigizaji hukariri maneno bila hisia, sauti hukatikakatika, damu huwa na rangi ya waridi, na mzimu huonekana wazi kuwa ni mtu aliyejifunika shuka. Kaka yangu, ambaye hutazama filamu za studio kubwa tu, husema kwamba mimi napenda ubovu. Lakini baadhi ya filamu hizo zimeninyima usingizi, jambo ambalo filamu za gharama kubwa hazijawahi kunifanyia. Je, nimepungukiwa na ladha, au kuna kitu ambacho kaka yangu hakioni?

JIBU: Ndugu msomaji, ladha yako haijapungua chochote. Kaka yako naye hasemi uongo anapotaja ubovu, maana ubovu upo, na hapa hatutaupamba. Tatizo la hoja yake ni kudhani kwamba ubovu na mvuto vina asili mbili tofauti, kana kwamba mtu huvumilia kimoja ili akifikie kingine. Kwa maoni yangu vyote viwili vinatokana na jambo moja, nalo ni kwamba mtengenezaji wa filamu ya namna hii hana mtu juu yake wa kumkatalia. Hakuna wa kumwambia apunguze onyesho la dakika sita la mtu anayetembea kwenye ujia wa nyumba akiwa ameshika tochi. Hakuna vilevile wa kumwonya kwamba watazamaji hawatapenda mtoto afe, au hadithi iishe bila maelezo, au muuaji asijulikane sababu yake.

Mfikirie mtazamaji anayekwenda kuangalia filamu ya studio kubwa. Sura ya mwigizaji mkuu anaijua, na moyoni anaamini kwamba steringi hafi, au kama atakufa basi itakuwa mwishoni na kwa heshima zote. Anajua pia kwamba watu wengi wamekwisha kuipitia filamu hiyo na kuondoa chochote ambacho kingemwudhi kupita kiasi, hivyo hofu yake ina mipaka aliyoikubali kabla ya kuketi. Filamu ya watu wasiojulikana haimpi dhamana hiyo. Sura zote ni ngeni kwake, kwa hiyo yeyote anaweza kuangamia wakati wowote. Nyumba haikujengwa kwa ajili ya kamera bali ni nyumba ambamo watu wanaishi, yenye pazia lililofifia na alama za vidole kuzunguka swichi ya taa, na jicho huitambua kuwa ni ya kweli hata kabla akili haijatafakari. Picha yenyewe, yenye giza na chembechembe, inafanana na picha ambazo watu hupiga nyumbani bila nia ya kumdanganya mtu, na ndiyo maana mtazamaji hujikuta amesahau kujihadhari.

Mfano maarufu kuliko yote ni Night of the Living Dead, iliyotoka mwaka 1968. George A. Romero na wenzake, ambao katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani walikuwa wakijipatia riziki kwa kutengeneza matangazo ya biashara, waliikamilisha kwa takriban dola 114,000, kwa picha nyeusi na nyeupe wakati ambapo filamu za rangi zilikuwa zimekwisha kuwa jambo la kawaida, na mahali pa damu wakatumia shira ya chokoleti. Mwigizaji mkuu, Duane Jones, alikuwa hajulikani kwa watazamaji wa filamu. Mhusika wake anawaongoza wengine, anapambana, ananusurika usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na watu waliokuja kuwaangamiza wafu waliofufuka, kwa kudhaniwa kuwa naye ni mmoja wao. Romero alisimulia kwamba kampuni moja ya usambazaji ilikuwa tayari kuichukua filamu hiyo endapo mwisho ungebadilishwa, na wao wakakataa. Mwisho ule ndio uliowashtua watu mwaka ule na ndio unaowashtua hadi leo, na haukuhitaji fedha zozote za ziada, ila ulihitaji watu wasiolazimika kumtii mtu.

Carnival of Souls ya mwaka 1962 inaonyesha jambo jingine. Mwongozaji wake, Herk Harvey, kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza filamu za mafunzo katika mji wa Lawrence, Kansas. Aliliona jumba la starehe lililotelekezwa la Saltair, kando ya Ziwa Kuu la Chumvi katika jimbo la Utah, akaona kwamba jumba lile lenyewe ni hadithi, na hadithi ikaandikwa kulifuata. Mzimu mkuu aliuigiza mwenyewe. Katika baadhi ya maonyesho maneno hayaendi sawa na midomo ya waigizaji, jambo ambalo katika filamu nyingine lingekuwa aibu tupu. Hapa mhusika mkuu ni mwanamke anayehisi kwamba amekatika kutoka katika ulimwengu wa walio hai, kwa hiyo sauti isiyoshikamana na midomo inaongeza hali yake ile. Sidhani kwamba Harvey alilikusudia hilo, lakini mtazamaji hupokea kile kilichomo kwenye filamu, na katika kazi za watu wasiobobea bahati ya namna hii hutokea mara nyingi zaidi kwa sababu mambo mengi zaidi hubaki bila kudhibitiwa.

Lakini usije ukamwambia kaka yako kwamba umaskini wa bajeti ni sifa. Nyingi ya filamu hizi ni mbaya tu, na hazina kingine cha kumpa mtazamaji. Uhuru uleule usio na msimamizi ndio uliozaa Manos: The Hands of Fate ya mwaka 1966, iliyotengenezwa El Paso, Texas, na Harold P. Warren, aliyekuwa muuzaji wa mbolea. Kamera yake haikuweza kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mkupuo mmoja, na sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha bali watu wachache waliingiza baadaye sauti za wahusika wote. Vikwazo hivyo ni vizito, lakini havikumlazimisha mtu yeyote kuacha gari liendeshwe muda mrefu mwanzoni mwa filamu pasipo jambo lolote kutokea. Hapo ilihitajika sauti moja tu ya rafiki mkweli kusema kwamba sehemu ile ikatwe.

SWALI: Simu za siku hizi hupiga picha safi kuliko kamera nyingi za zamani. Kwa nini basi filamu za kutisha za wasiobobea hujulikana kuwa ni za hali ya chini tangu dakika ya kwanza?

JIBU: Kwa sababu zinasikika hivyo kabla hazijaonekana hivyo. Ningependa kila anayeanza kazi hii aitumie nusu ya fedha zake, hata kama ni kidogo sana, katika sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, picha inayotikisika, hata picha isiyo makini, na katika filamu ya kutisha anaweza kudhani kwamba imekusudiwa iwe hivyo. Maneno yasiyosikika hayasamehewi na mtu yeyote.

Chanzo cha tatizo ni maikrofoni iliyomo ndani ya kamera au simu. Ikiwa kamera imesimama mita tatu kutoka kwa mwigizaji, maikrofoni nayo iko mita tatu, na kinachoifikia ni sauti iliyokwisha kugonga kuta, dari na sakafu, ndiyo maana watu husikika kana kwamba wako bafuni. Baya zaidi, vifaa vingi vimepangwa kujirekebishia kiwango cha sauti vyenyewe. Mwigizaji anapopiga kelele, kifaa hushusha sauti, na anaponyamaza, kifaa huipandisha kikitafuta cha kusikia, kikaokota mvumo wa jokofu, magari ya mbali na pumzi ya mpiga picha. Filamu ya kutisha huishi katika vile vipindi vya ukimya, na hapo ndipo kifaa hicho huuharibu ukimya wenyewe. Dawa yake haina gharama kubwa: zima urekebishaji huo wa sauti ikiwa kifaa kinaruhusu, weka maikrofoni ndogo karibu na mdomo wa mwigizaji nje ya picha, na kabla ya kuondoka mahali popote mlipopiga picha, wote mnyamaze na kurekodi sauti ya chumba hicho kwa muda wa dakika moja. Sauti hiyo ya chumba huwekwa chini ya mazungumzo wakati wa uhariri ili kila mkato wa picha usisikike kama mlango unaofunguliwa na kufungwa.

John Carpenter, mwongozaji wa Halloween ya mwaka 1978, ambayo nayo haikuwa na fedha nyingi, amesimulia kwamba aliionyesha filamu hiyo kwa ofisa mmoja wa studio kabla ya kuwekewa muziki na sauti za ziada, na ofisa huyo hakuogopa hata kidogo. Carpenter aliutunga muziki wake mwenyewe, wa noti chache za piano zinazorudiwarudiwa katika mapigo matano yasiyozoeleka masikioni, na filamu ileile, kwa picha zilezile, ikawa ya kuogofya. Anayetunga muziki wa filamu yake kwa kinanda kidogo cha umeme ajue kwamba yuko katika njia iliyokwisha kupitiwa na watu wazito. Anayepakua muziki wa kutisha uliokwisha kutumiwa na maelfu ya watu wengine, akaumwaga juu ya kila onyesho kuanzia mwanzo hadi mwisho, amejinyima silaha yake bora.

Baada ya sauti hufuata mwanga. Kosa la kawaida la usiku ni kuwasha taa nyeupe kila kona ili kila kitu kionekane, kisha kupaka picha rangi ya buluu wakati wa uhariri. Simu nazo, zikikosa mwanga, hujaribu kuupandisha zenyewe, na giza lililotakiwa kuwa jeusi huwa kijivu chenye chembechembe zinazocheza. Taa moja yenye nguvu ya kutosha, iliyowekwa upande mmoja wa uso, ikiacha sehemu iliyobaki ya chumba izame, hutoa picha nzuri kuliko taa sita. Giza halina gharama, na kwa hadithi ya aina hii ni mali.

Kuhusu uigizaji nitasema machache. Mara nyingi anayelaumiwa ni mwigizaji ilhali mwenye kosa ni mwandishi aliyempa maneno ambayo hakuna mtu angeyatamka. Mtu aliyeona kitu cha kutisha dirishani hawaelezi wenzake kwa sentensi kamili jinsi kitu hicho kilivyo. Punguza maneno, na utashangaa jinsi waigizaji wako walivyo hodari.

SWALI: Kundi letu limetengeneza kinyago cha zimwi ambacho kimetuchukulia muda mwingi, na tunajivunia. Baadhi yetu wanataka kionekane tangu mwanzo, wengine wanasema kisionekane kamwe. Tunaomba uamuzi wako, na pia ushauri kuhusu damu ya kuigiza.

JIBU: Hongereni kwa kinyago. Uamuzi wangu ni kwamba kionekane, lakini kwa kuchelewa, kwa sehemu, na kwa muda mfupi kuliko mnavyotamani. Kazi ya mikono iliyowagharimu majuma mengi huwashawishi walioifanya kuiweka katikati ya picha chini ya mwanga mkali, na huko ndiko vinyago vingi hufia, kwa sababu mtazamaji akipewa sekunde kumi za kukitazama ataanza kutafuta gundi na mishono. Onyesheni kwanza uso wa mtu aliyekiona. Kisha onyesheni mkono, au bega linalopita nyuma ya mlango, au umbo lililosimama mbali mno lisiloweza kutambulika. Kinyago kilichotumiwa katika Halloween kilikuwa cha dukani, kimetengenezwa kwa mfano wa sura ya mwigizaji William Shatner, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Kinatisha kwa sababu ya mahali kinaposimama na muda kinaobaki kimya.

Wale wanaotaka kisionekane kamwe wana ushahidi wao pia. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilipigwa kwa siku nane katika misitu ya jimbo la Maryland, kamera zikiwa mikononi mwa waigizaji wenyewe, na mchawi wake haonekani hata mara moja, ilhali filamu iliingiza takriban dola milioni 248 duniani. Tangu hapo watu wengi wameiga njia hiyo wakidhani kwamba kutoonyesha kitu ni kuokoa fedha tu. Waongozaji wake, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliacha alama nyingi kabla ya mwisho: mafungu ya mawe, sanamu za vijiti zilizoning'inia mitini, sauti za usiku nje ya hema. Kitu kisichoonekana kinahitaji kazi kubwa ya kuonyesha athari zake. Na yeyote anayeifuata njia hii ya wahusika kujirekodi ajiulize, katika kila onyesho, kwa nini mtu huyu hajaitupa kamera na kukimbia, kwa sababu mtazamaji anajiuliza swali hilohilo.

Kuna jambo la tatu ambalo barua yenu haikulitaja, nalo ni kuifanya kamera yenyewe iwe zimwi. Katika filamu ya The Evil Dead, mwongozaji Sam Raimi na wenzake waliifunga kamera kwenye ubao, watu wawili wakaushika ubao huo kila mmoja upande wake na kukimbia nao msituni karibu na ardhi, na nguvu ya kishetani ikaonekana inakuja kwa kasi ingawa hapakuwa na chochote cha kuona. Jaribuni hilo kabla ya kukivaa kinyago.

Kuhusu damu, chemsheni maji na sukari hadi yawe mazito, tieni rangi nyekundu ya chakula, kisha unga kidogo wa kakao ili kuipunguza ile rangi ya waridi. Damu halisi ni nyeusi kuliko watu wanavyokumbuka. Ijaribuni mbele ya kamera chini ya taa zilezile mtakazotumia, kwa kuwa rangi hubadilika sana, na msisahau kwamba huacha doa kwenye nguo na kuta za watu. Silaha ziwe za kuigiza tu, zisizo na makali, na majirani waambiwe mapema kwamba watasikia mayowe.

SWALI: Je, ni haki kuzicheka filamu hizi? Mimi hucheka, kisha najisikia vibaya.

JIBU: Kicheko kinachokutoka chenyewe si kosa, na hofu na kicheko vimekaa jirani tangu zamani. Ninachokipinga ni desturi ya kukusanya watu ili wazomee tangu mwanzo hadi mwisho, kwa maana anayekuja kuzomea hawezi kuliona lile onyesho moja zuri ambalo karibu kila filamu ya namna hii inalo. Huenda likawa ni uso wa mama mmoja asiye mwigizaji, au dirisha lililopigwa picha saa ya magharibi, na mtu aliyelitengeneza alikuwa na kipaji kwa muda wa onyesho hilo. Zipo pia filamu zinazotengenezwa vibaya kwa makusudi ili watu wacheke. Hizo sizipendi, na sioni kwamba zina mvuto tunaouzungumzia hapa, kwa sababu mvuto huo hutokana na mtu aliyetaka kwa dhati kututisha akatumia kila alichonacho. Dhati hiyo ikiondolewa, hubaki dosari peke yake.

SWALI: Tunataka filamu yetu ya kwanza iwe ya saa moja na nusu. Je, ni busara?

JIBU: Hapana. Tengenezeni ya dakika kumi au kumi na tano, katika nyumba moja, na watu watatu. Raimi alianza na filamu fupi iitwayo Within the Woods mwaka 1978, iliyogharimu takriban dola 1,600, akawa anaipeleka kwa watu wenye fedha ili waone kwamba anaweza kutisha, na kutokana nayo akapata mtaji wa The Evil Dead. Filamu ndefu ya watu wasio na uzoefu hujazwa kwa kutembea, kufungua milango na kuitana majina, maana hadithi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na tano tangu awali. Mkimaliza, ioneshwe kwa watu ambao hawakushiriki na wasiowapenda sana, nanyi mkae pembeni mkiwatazama wao badala ya kutazama filamu, mkiandika kila dakika ambayo mmoja wao anashika simu. Fanyeni hivyo kabla ya kuongeza muziki, kwa sababu muziki huficha ulegevu wa uhariri, na mtaugundua wakati ambapo nyumba imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe na waigizaji wamenyoa ndevu.